Fimbo Iliyochipua Temeke

Alhamisi asubuhi, nikiwa sijamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai, alinipigia hodi mama mmoja wa Temeke, mjane wa mchimba visima ambaye habari zake nitazifikia. Nikamkaribisha ndani, akakataa. Alisimama barazani akikunja na kukunjua ncha ya khanga yake, akaniambia kwamba yule dobi wetu amefariki alfajiri, na kwamba maziko ni kesho yake mchana. Wengi wenu mnaosoma safu hii hamkumjua. Alifua na kupiga pasi nguo za watu kwa miaka yote niliyofahamiana naye, na siku za Jumapili alisimama mbele ya kikanisa cha makuti kule mwisho wa Temeke, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya mihogo yanapoanza, akiwaongoza Wakristo waliotoka bara na kusini kutafuta kazi mjini. Watu wake walimwita mteule wa Bwana. Mwenyewe alilichukia neno hilo kuliko alivyochukia madoa ya kutu, na aliondoka duniani nalo likiwa limemganda.

Najua mlikuwa mnangojea niendelee kulalamikia mitaro ya Keko. Mitaro itangoja, maana kungoja imeshazoea. Leo nina jambo jingine moyoni, na nalieleza kwa sababu siku hizi popote ukikaa, iwe kwa kinyozi, iwe kwenye benchi la hospitali, mazungumzo ni yaleyale: Mwingereza akishaondoka, nani atatuongoza? Huyu anataka mtu msomi, yule anataka mtu wa ukoo wa machifu, na mwingine, mara nyingi yule mwenye sauti kubwa, anasema Mungu mwenyewe atamwinua mtu wake kama alivyomwinua Musa kwa wana wa Israeli. Kila nikisikia hilo la mwisho nalipa pesa ya kunyolewa, naondoka. Mie nimewahi kuona Mungu akiwainulia watu kiongozi, au watu wakidhani amewainulia. Nilikuwepo, na sijapona.

Nilimjua dobi kwa sababu ya kola. Miaka ile ya vita nilikuwa mwalimu wa shule mwenye mashati mawili meupe, na mwalimu mwenye kola iliyolegea wanafunzi humcheka. Banda lake lilikuwa karibu na kanisa: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, na kamba za kuanikia zilizofungwa huku na huku hata ukitaka kuingia uiname. Alikuwa mtu mwembamba kutoka Singida, bega moja limeshuka kwa uzito wa pasi, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukiongea naye ilibidi uache kutafuna. Alipenda kusema "naomba" na "ikikupendeza". Hata akikudai alisema "ikikupendeza". Ungeambiwa utafute katika Temeke nzima mtu asiyefaa kutoa amri, ungepelekwa moja kwa moja bandani kwake.

Sasa mwalimu wa kanisa letu, mzee aliyetufundisha wote sala, akaugua na kurudi kwao bara. Mzungu wa misheni alikuwa akija Temeke mara chache, akija na vumbi lake na haraka yake, naye akatuambia tumchague wenyewe mtu wa kutuongoza, atakaporudi atambariki. Hapo ndipo kanisa lilipokatika vipande viwili. Upande mmoja walikuwa na karani wa bandarini, mtu wa bara ya mbali, msomi, mwenye kujua Maandiko kuliko sie wote na mwenye kutujulisha kwamba anayajua. Upande wa pili, hasa watu wa kusini, walimtaka mchimba visima. Huyu alikuwa bwana mkubwa wa mwili, mcheshi, mwenye mikono kama makoleo, na visima vingi vya Temeke na Mtoni mlivyonywea maji vilichimbwa na yeye. Kila Jumapili baada ya sala tulikaa kujadiliana, na kila Jumapili tulitoka tumenuniana zaidi. Akina mama waliokuwa wakiazimana chumvi waliacha kuazimana.

Ni karani aliyeleta shauri la fimbo. Alisimama siku moja, suti yake imepigwa pasi na dobi huyuhuyu, akasema, "Wana wa Israeli walinyoosha mikono lini kumchagua Musa? Nionyesheni. Musa aliitwa. Haruni aliteuliwa. Sie nani hata tupigiane kelele kama watu wa mnadani?"

"Sie si Waisraeli," mchimba visima akamjibu kutoka nyuma. "Sie watu wa Temeke, na paa linavuja."

Watu walicheka, lakini karani hakuwa mtu wa kuyumbishwa na kicheko. Akatukumbusha habari tuliyoifahamu wote tangu darasa la ubatizo. Kule jangwani, Kora na wenzake walimwinukia Musa wakisema amejipandisha mno, nchi ikafunuka chini ya miguu yao ikawameza wangali hai, na watu waliosimama karibu wakakimbia wakiogopa kumezwa nao. Ndipo Mungu alipotaka manung'uniko yakome, akaagiza kila kabila lilete fimbo, zikawekwa mbele zake, na kesho yake fimbo ya Haruni ikaonekana imechipua majani na maua. Ugomvi ukaisha. Karani akasema basi na sisi tufanye vivyo hivyo: watu wa kila upande wa nchi walete fimbo ya mzee wao, zichomekwe mbele ya meza ya Bwana, tumwachie Mwenyewe. Akina mama waliochoka kununiana walisema amina kabla hajaketi. Nadhani tulikuwa tumechoka zaidi ya tulivyokuwa tumeamini.

Jumapili ya fimbo naikumbuka vizuri. Hazikufika kumi na mbili kama za Waisraeli, kwa sababu hata makabila tuliyokuwa nayo hayakufika. Karani alileta bakora ya mpingo iliyong'arishwa hata ukajiona uso, na mtu akiniuliza kama karani alikuwa na imani nitamjibu alikuwa nayo, maana anayetaka fimbo yake ichipue halafu akaleta mpingo uliopakwa rangi ya viatu, huyo anamwachia Mungu kazi yote. Mchimba visima alileta mpini wa sururu, kwa dhihaka, au pengine ndicho kitu alichokuwa akishika siku zote. Watu wa Singida walikuwa watatu tu kanisani, na mkubwa wao kwa umri alikuwa dobi. Yeye alisahau. Alikuwa ametoka kupeleka nguo za Mzungu mmoja, akakumbuka fimbo akiwa njiani, akavunja tawi kwenye ua wa nyumba moja ya jirani, akalipukutisha majani, akaingia nalo. Zote zikachomekwa kwenye sakafu yetu ya udongo, tukasali, karani akafunga mlango kwa kufuli.

Kesho yake hazikuwa na kitu, wala kesho kutwa. Kisha masika ikashuka kwa nguvu, njia zikawa mito, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyefika. Tulikuja kufungua mlango Jumapili ya baada ya hapo. Paa lilikuwa limevuja kama mchimba visima alivyosema, sakafu ilikuwa tope, na bakora ya mpingo ilikuwa imelala chali imepoteza mng'aro. Lakini ile fimbo ya dobi ilikuwa imesimama, na karibu na ncha yake palikuwa na majani machanga, mekundumekundu bado, yamekunjamana kama masikio ya mbuzi aliyezaliwa jana. Mama mmoja akapiga kigelegele. Wengine wakapiga magoti palepale kwenye tope na nguo zao za Jumapili.

Mchimba visima akaangua kicheko. "Jamani, huo mbono! Mbono huo! Nyumba zote za Temeke zina ua wa mbono. Ukiuchomeka popote unachipua, hata juu ya kaburi!"

"Kweli kabisa," dobi akasema, na ilibidi tunyamaze ili tumsikie. "Nimeuvunja hapo kwa muuza maandazi. Nilisahau fimbo yangu. Naomba msiufanye kitu."

Sote tukamgeukia karani. Yeye ndiye aliyeshindwa, na tulitazamia kwamba ataungana na mchimba visima waseme hesabu imeharibika, turudie. Alikuwa ameketi, uso umemsawijika, akiitazama bakora yake topeni. Kisha akainuka, na yaliyomtoka sijayasahau. "Fimbo ya Haruni ilikuwa ya mlozi," akasema, "na mlozi nao ni mti kama miti mingine, nao huchipua. Nani alimsahaulisha huyu fimbo yake nyumbani? Nani aliupeleka mkono wake kwenye mbono, na mti mkavu ulikuwepo? Mie nilitaka nafasi hii kuliko mtu yeyote humu ndani, na Mungu amenikataa mbele yenu. Nampokea aliyemchagua." Akaenda akapiga goti mbele ya dobi. Nawaambieni wasomaji, hata mie mwalimu mwenye kujua mbono ni nini, nilisikia nywele zinanisimama.

Ndivyo tulivyopata kiongozi. Mchimba visima akatoka na watu wake wa kusini, wakapata kiwanja ng'ambo ya njia, wakaanza kusali kivyao chini ya turubai. Dobi alitaka kukataa. Wiki ile nilipokwenda kuchukua shati langu aliniuliza, bila kuinua macho kwenye pasi, "Mwalimu, nikikataa watarudi kugombana. Nikikubali nimewadanganya. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nikamshauri akubali kwa muda. Ushauri huo ulikuwa wa kawaida kwa nchi yetu, ambamo kila kitu cha muda ndicho kinachodumu. Mzungu wa misheni aliporudi akauliza tumemchaguaje, tukamwambia Mungu ndiye aliyemchagua, akafurahi, akamwekea mikono kichwani, akapanda gari lake akaondoka. Sikumshangaa. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, naye alikuwa akituletea majumbe kwa namna hiyohiyo, na hakuwahi kutuonyesha hata jani.

Na lazima niseme ukweli, mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Paa liliezekwa upya. Wagonjwa walitembelewa. Dobi aliongoza kwa "naomba" zake, na watu waliona haya kumkatalia mtu aliyeomba taratibu vile. Lakini kiti kisichokaliwa sawasawa hupata mtu wa kukikalia, na kiti cha dobi alikikalia karani. Aliichukua ile fimbo akaipanda ndani ya debe mbele ya meza ya Bwana, akaimwagilia kwa mkono wake mwenyewe. Akatupanga tukae kwa makabila, watu wa upande huu mashariki, wa upande ule magharibi, kama Waisraeli walivyopanga mahema yao kuizunguka maskani, lile hema la Mungu. Kiwanja cha kanisa kikaitwa kambi. Waliotoka na mchimba visima wakaitwa watu wa nje ya kambi, na haikuchukua muda jina likafupishwa wakaitwa wana wa Kora. Dobi alisikia. Aliwaambia, "Naomba tusiwaite hivyo," nao wakaacha kuwaita hivyo mbele yake.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu imekuwa ikiogopa kufika. Temeke ni mchanga. Ukichimba kisima lazima uzuie kingo, la sivyo zinakurudia. Mchimba visima alikuwa na mapipa ya lami aliyoyakata chini na juu, akiyashusha moja juu ya jingine kadiri anavyokwenda chini. Lakini mapipa yale yalinunuliwa kwa sadaka, siku za umoja, ili atuchimbie kisima cha kanisa, na alipotoka yalibaki kwetu nyuma ya kanisa yakiota kutu. Alipoamua kuchimba kisima kwenye kiwanja chake kipya alikuja kuyaazima. Karani akamwambia vyombo vya Bwana havitoki nje ya kambi. Mchimba visima akaenda bandani kwa dobi. Dobi akawaambia karani na wenzake, "Naomba mpeni, ikiwapendeza." Haikuwapendeza. Wiki ikapita, mchimba visima akaona anachelewa, akaanza kuchimba bila mapipa. Alikuwa na uzoefu mwingi, na uzoefu humfanya mtu aamini kwamba leo nayo itapita salama.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Akina mama walikuwa wakifagia kanisa, wanaume wakitengeneza wigo wa kambi, na mie nilikuwa bandani kwa dobi nikingojea kola zangu. Tulisikia mlio mzito, kama gunia limetupwa, kisha sauti ya mke wa mchimba visima, huyuhuyu aliyenipigia hodi Alhamisi. Dobi aliacha pasi juu ya shati la watu. Tulipofika ng'ambo ya njia hapakuwa na shimo tena. Palikuwa na bonde la mchanga lenye kamba imetoka katikati, na yule mama amepiga magoti anachimba kwa mikono huku akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Watu wa kanisa letu walikuwa wamefika kabla yetu. Walikuwa wengi, wana majembe na sepeto walizokuwa wakitengenezea wigo. Walikuwa wamesimama.

Walikuwa wamesimama mbali kidogo, na kila mchanga ulipoporomoka pembeni walirudi nyuma zaidi. Karani alikuwa mbele yao amenyoosha mikono kuwazuia, uso unamtoka jasho, akisema, "Msikaribie! Nchi isije ikatumeza na sisi!" Hakuwa akisema kwa chuki. Aliona yale aliyoyasoma maisha yake yote yakitokea mbele ya macho yake, mbele ya wigo wake, na aliamini kwamba anawaokoa wale waliobaki. Dobi akampokonya mtu mmoja jembe, akaingia mchangani, nami nikamfuata na sepeto. Akawageukia watu akasema, "Njooni tuchimbe!" Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Mtumishi, Mungu amekutetea. Usishindane naye."

"Hajanitetea!" dobi akasema. "Nimewaambia tangu mwanzo, ule ni mbono wa uani! Niliuvunja kwa muuza maandazi! Mie dobi tu, sijachaguliwa na mtu! Naombeni, jamani, naombeni!" Aliwasihi. Aliwaeleza. Alilia akiwaeleza, mkono mmoja ukichimba na mwingine ukiwapungia. Na kadiri alivyokuwa akijishusha, ndivyo walivyozidi kumwona mtakatifu, ndivyo walivyozidi kusimama. Mchanga tulioutoa sisi watatu ulirudi kama maji. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba yule mama hatimaye aliacha kuchimba, akamshika dobi shati, akamwambia kwa sauti kavu ambayo sitaki kuisikia tena, "Wanakusikiliza wewe. Waambie ni Mungu. Waambie tu ni Mungu!"

Dobi alimtazama. Kisha akatupa jembe, akavuka njia mbio, akaingia kanisani, na alipotoka alikuwa ameshika ile fimbo, ameing'oa debeni na mizizi yake inadondosha udongo. Akasimama juu ya bonde la mchanga, akaiinua, na yule mtu wa sauti ndogo akapiga kelele iliyonifanya mie mwenyewe nirudi nyuma. "Aliyenichagua mie mbele yenu anasema chimbeni! Asiyechimba amelaaniwa! Chimbeni!"

Walikuja wote kwa mara moja. Walichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mabakuli, kwa viganja. Karani alichimba kuliko wote, kucha zake zikitoka damu, kwa sababu ameamriwa. Mtu mmoja akakumbuka mapipa, yakaletwa yakiviringishwa, yakashushwa, na mchanga ukatulia. Ile kazi iliyotushinda sisi watatu waliimaliza upesi hata ikatia uchungu. Tulimkuta amesimama wima. Alikuwa amewahi kuinua ndoo yake ya kutolea mchanga akaifunika usoni, mikono yote miwili imeishika, na chini ya ile ndoo mchanga ulikuwa haujaingia. Mwili ulikuwa bado na joto. Tulimlaza, tukamfuta, tukamfumba macho, na hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa maana ya ndoo ile. Alikuwa ametusikia. Kwa kitambo fulani, akiwa chini, alikuwa anatusikia.

Karani alisema maiti haiwezi kuzikwa ndani ya kambi. Dobi akasema atazikwa mbele ya mlango wa kanisa, na wigo ung'olewe siku hiyohiyo, na kila mtu atakaa kanisani anapotaka. Hakusema naomba. Waling'oa wigo wote kabla ya jua kuzama. Akaweka sharti moja ambalo alilishika mpaka kufa: mtu yeyote atakayesema kifo cha mwenzake ni adhabu ya Mungu atoke nje na asirudi. Wengine walitolewa, akiwemo mama yule wa kigelegele. Watu wa kusini walirudi, si wote. Na kila mtu, pamoja na hao waliorudi, aliamini zaidi kuliko mwanzo kwamba dobi ni mteule, maana walikuwa wameona kwa macho yao kwamba anayempinga nchi humfunukia. Hilo hakuweza kulifuta. Alikwenda kwa mjane kumwambia anataka kuacha. Mjane akamjibu, "Ukiacha watamfuata karani. Kaa hapohapo. Umeshatoa amri moja, zitoe na zilizobaki." Akakaa miaka yote iliyofuata, akitoa amri kwa sauti kubwa siku za Jumapili, na kurudi bandani kusema ikikupendeza.

Mara ya mwisho nilimwona wiki chache zilizopita. Kifua kilikuwa kimembana, moshi wa mkaa wa pasi umemlia mapafu, na alilala kwenye kitanda cha kamba nguo za watu zikining'inia juu yake. Nikamwambia shikamoo, ingawa hatukupishana sana umri, kwa sababu ugonjwa humzeesha mtu. Tukazungumza habari za mjini, mikutano, watu wanaosimama juu ya meza. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu Jumamosi ile. "Mwalimu, nilipofika pale kisimani niliwaambia ukweli. Nikawaambia tena, nikawaambia tena. Ningeanza na uongo, yule bwana angekuwa hai."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na hasira hiyo ninayo hata sasa ninapoandika, na ninajua ni juu ya nani. Si juu ya dobi. Yeye alifika, akachukua jembe, akachimba, akasema ukweli, na mtu akifanya hayo yote halafu akafa akijihukumu, basi kuna wengine wanaostahili kuhukumiwa badala yake. Mie Mungu wa Israeli namwamini, na ninaamini kwamba aliwahi kuwainulia watu wake viongozi. Lakini watu wa Temeke hawakukosa kiongozi asubuhi ile. Walikosa kitu kidogo zaidi kuliko kiongozi, kitu ambacho hakichipui mbele ya meza ya Bwana wala hakiletwi na Bwana Shauri. Na sasa nchi nzima inauliza nani atatuongoza, na sisikii mtu hata mmoja akiuliza sisi wenyewe tutafanya nini wakati huyo kiongozi bado yuko njiani, au amefika na anazungumza kwa sauti ndogo. Tumlaumu nani kisima kikiporomoka, na mikono tunayo, na majembe tunayo?

Tulimzika Ijumaa. Watu walikuwa wengi, na wengi walisema wameondokewa na mtu aliyetumwa. Inawezekana. Mie namfikiria yule mwingine, aliyesimama gizani chini ya mchanga na ndoo usoni, akisikia nyayo zetu juu ya kichwa chake. Hakuwa anamngojea aliyetumwa. Alikuwa anamngojea mtu yeyote.